Historia ya Mzee Menyu, Fundi wa Kitufe cha Kulia

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu ili mtusindikize leo, familia imemwomba mdogo wa kike wa marehemu, huyu aliyesimama mbele yenu, aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kwa miaka thelathini na minne, awasomee habari za maisha ya kaka yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda kusifiwa kwa jambo asilolitenda, wala hakupenda mtu mwingine asifiwe kwa jambo lolote, tulikubaliana nyumbani tuiseme historia hii kama ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, saa mbili asubuhi, katika wodi ya wazazi ya hospitali iliyo nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa karani wa posta na mshonaji wa sare za shule, naye alikuwa mtoto wa pekee kwa miaka mitatu na miezi miwili, kipindi ambacho mama yetu alikiita miaka ya raha, kwa maana mdogo wake alipozaliwa, tarehe 20 Mei 1965, marehemu alichukua chaki ya mama ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari katikati ya godoro, akamwambia mama kwa adabu zote, "Mgeni wako asivuke hapa," na ingawa mgeni mwenyewe hakuwa anajua hata kugeuka, mstari ule ulipigwa upya kila ulipofutika, kwa karibu mwaka mzima.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1969, katika shule ya msingi iliyotazamana na soko, na huko akaketishwa dawati moja na mtoto wa fundi viatu, aliyeandika kwa mkono wa kushoto na ambaye darasa zima lilimwita Mashoto, jina ambalo nasi tutamwita leo, kwa heshima, kwani yumo humu miongoni mwetu. Kwa miaka saba Mashoto alikuwa wa kwanza na marehemu akawa wa pili, mwaka mmoja kwa tofauti ya alama mbili, mwaka mwingine kwa nusu alama, na baba alipompongeza akisema, "Wa pili kati ya watoto arobaini na sita si haba, mwanangu," marehemu alijibu, "Baba, hao arobaini na wanne mimi siwajui, namjua mmoja tu." Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975, akasoma sekondari kuanzia mwaka 1976 hadi 1979, kisha akaingia chuo cha uchapaji mwaka 1980 na kutunukiwa cheti cha upangaji herufi mwezi Novemba 1982, na katika mahafali yake aliuliza jambo moja tu, kama Mashoto naye alikuwa amepata cheti chochote mahali popote.

Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye fremu, kazi iliyompa mgongo mbaya na mkono usiotikisika hata kidogo, mkono ambao aliutegemea maisha yake yote na ambao, kama mtakavyosikia, ulimdanganya.

Marehemu alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 12 Desemba 1987, na mfasiri wa vitabu vya maelekezo ya mashine, mwanamke mpole mwenye maneno machache ambaye tunaye hapa mbele, na wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza alizaliwa tarehe 9 Februari 1989, wa pili tarehe 30 Julai 1992, na kitinda mimba tarehe 17 Oktoba 1996. Ndoa yao ilikuwa njema, lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, na haki ya mjane wetu ni kusema kwamba aliishi na mume mwenye kijiba cha roho, aliyemwonea gere hata fundi wa taipureta ya mkewe, mzee wa miaka sabini, kwa sababu siku moja alimwambia bibi huyu kwamba ana vidole vyepesi, na tangu siku hiyo taipureta ile ilipoharibika marehemu aliibeba mwenyewe kwapani hadi kwa fundi mwingine, mtaa wa tatu.

Tarehe 2 Aprili 1990 aliacha kiwanda na kuingia katika kampuni ya programu za kompyuta, ghorofa ya tatu, juu ya duka la viatu, ambako walikuwa wakitengeneza programu ya kuandikia, na tarehe 1 Juni 1993 mkuu wa idara alimkabidhi kitufe cha kulia cha kipanya. Kwa faida ya wazee wetu ambao hawajawahi kukigusa, kipanya ni kile kidude cha kushikwa kwa kiganja ambacho huongoza mshale kwenye kioo cha kompyuta, nacho kina vitufe viwili, cha kushoto cha kuchagulia maandishi, na cha kulia cha kuitia orodha ndogo ya mambo yanayowezekana hapo hapo mshale ulipo, yaani Kata, Nakili, Bandika na Futa, orodha ambayo mafundi huiita menyu. Mtu anaweza kudhani kwamba orodha ya maneno manne ni kazi ya asubuhi moja, lakini marehemu aliifanya kwa karibu miaka ishirini na minne, na wenzake wakampa jina la Mzee Menyu angali na miaka thelathini na mmoja.

Alitumia wiki tatu kuamua kama neno Bandika lifichwe pale ambapo hakuna cha kubandika, ama libaki likiwa limefifia, akaamua libaki, akieleza kikaoni kwamba mlango uliofungwa bado ni mlango, na ukiung'oa mwenye nyumba atazunguka akiutafuta, na alikataa katakata neno lolote lihame mahali pake, kwa sababu mkono hukariri nafasi kabla jicho halijasoma, jambo ambalo hata mwalimu huliona kila siku kwa mtoto anayeingiza mkono mkobani na kutoa kalamu bila kutazama. Na aliamini jambo moja zaidi, ambalo ndilo lililomletea yote yaliyofuata, kwamba kuita menyu ni tendo moja lisilokatika, unabonya kitufe, unakishikilia, unavuta mshale hadi kwenye neno unalolitaka, unaachia, na neno hilo linatendeka, kwa hiyo menyu yake ilifunguka neno la kwanza likiwa papo hapo chini ya ncha ya mshale, na neno hilo la kwanza lilikuwa Kata.

Wakati huo Mashoto naye alikuwa ameajiriwa katika kampuni nyingine ya programu za kuandikia, ng'ambo ya barabara, ghorofa ya tatu vilevile, akapewa kazi ile ile ambayo yeye aliiita kitufe cha pili, kwa kuwa mtu wa mkono wa kushoto huvigeuza vitufe hivyo, na dirisha lake lilitazamana na la marehemu. Marehemu aliigeuza meza yake ili alipe dirisha kisogo, na baada ya siku nne akairudisha ilivyokuwa, akikiri kwamba kutomwona kulimsumbua kuliko kumwona.

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Novemba 1995, mkewe alikuwa sebuleni akimalizia tafsiri ya maelekezo ya pampu ya maji, kurasa kumi na mbili, akazichagua kumi na moja ili azinakili, akabonya kitufe cha kulia na kuachia papo hapo, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyobonya kengele ya mlango, na kwa kuwa neno lililokuwa chini ya mshale ni Kata, kurasa zote kumi na moja zikatoweka. Akashtuka, akabonya tena akitafuta namna ya kuzirudisha, na menyu ya mumewe, ambayo ilikuwa na tabia ya kulichagua yenyewe neno lililo chini ya mshale, ikaling'oa neno moja la ukurasa uliobaki, na kwa kuwa kompyuta za siku zile zilishika kitu kimoja tu kilichokatwa, na zilijua kurudi nyuma hatua moja tu, neno "lakini" likakaa mahali pa kurasa kumi na moja. Marehemu aliporudi alimkuta ameketi, mikono mapajani, akamwambia kwa utulivu, "Menyu yako imekula kazi yangu," naye, badala ya kumpa pole, akasema, "Hukushikilia, mama watoto, umeachia mapema," mkewe akajibu, "Mimi nimebofya, baba watoto, sikujua kama navuta ndoo kisimani," na Jumamosi iliyofuata akaenda mjini, akarudi na bahasha yenye diski ya programu ya ng'ambo ya barabara.

Marehemu aliingojea nafasi ya kuwa peke yake, akaifungua programu ile na kuikagua kama anayekagua shati la mkewe akitafuta harufu. Ukibofya na kuachia, menyu ilibaki wazi, ikikungoja uamue, ukibofya ndani ya maandishi uliyoyachagua hayakuguswa, ukibofya nje yake ilijua umehamisha nia, neno Futa lilitengwa chini kwa mstari, peke yake kama mtoto mtundu aliyekalishwa karibu na mwalimu, na kati ya ncha ya mshale na neno la kwanza palikuwa na kijinafasi, nukta nne tu za kioo, hata mkono uliotetemeka usingeweza kutenda usilolikusudia. Aliutambua mkono ule, na kilichomchoma zaidi ya ubora wake, kama alivyomwambia mdogo wake, ni kwamba tangu siku hiyo kidole cha mke wake kilikuwa kikisalimiana na Mashoto mara mia kwa siku, ndani ya nyumba yake, kwenye meza aliyoinunua yeye, na hakuna sheria ya ndoa iliyokataza.

Alipiga marufuku programu hiyo sebuleni, mkewe akahamia chumbani na kompyuta ya pili, na hilo likawa baya zaidi, kwani sasa alisikia asichokiona. Menyu ya marehemu ilisikika kama mtu anayebana pumzi, kibonyo kimoja, kimya, kisha kuachia, lakini ya Mashoto ilisikika tiki-tiki, kisha tiki-tiki, na marehemu, hata akiwa jikoni akimenya vitunguu, aliweza kumwambia mtoto wake mkubwa, "Mama yako yuko kwa Mashoto," mtoto akajibu, "Hapana, baba, yuko chumbani," marehemu akasema, "Ndiyo hivyo hivyo." Kazini nako habari zilifika, maana habari ya aibu haikosi miguu, na saa ya chai haikupita bila mtu kumuuliza, "Mzee Menyu, mbona umenuna, shemeji bado anatembelea ng'ambo ya barabara?", naye akawa anawaambia kwamba shemeji yao anafanya uchunguzi kwa niaba ya kampuni.

Mwezi Machi 1998 binti wa idara ya majaribio aliwaketisha watu kumi na wawili mbele ya menyu ya marehemu, miongoni mwao muuguzi, dereva wa lori na mwalimu mkuu mstaafu, na tisa kati yao wakakata walichotaka kukinakili, marehemu akasema, "Wafundisheni kushikilia," binti akamjibu, "Mzee wangu, tutafundisha mikono mingapi?" Alijua binti anasema kweli, wala hakuwa mjinga, lakini kuibadilisha menyu kulikuwa na maana ya kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba mkewe alifanya vyema kuondoka, na jambo hilo lilimkwama kooni kwa miaka mitano mingine, watumiaji wakipungua mwaka hadi mwaka.

Hatimaye, tarehe 7 Aprili 2003, aliibadilisha, akaifanya menyu ibaki wazi baada ya kuachia, akaisogeza nukta nne kutoka kwenye ncha ya mshale, akaitenga Futa kwa mstari, na siku hiyo alifika nyumbani mapema kuliko kawaida, amechana nywele, akamwekea mkewe programu mpya kwenye kompyuta ya sebuleni na kusimama nyuma ya kiti chake. Mkewe alibofya mara kadhaa, akakata, akanakili, akabandika, akasema, "Nzuri sana, baba watoto, sasa inafanana kabisa na ile," na marehemu alipomuuliza, kwa sauti ambayo hakuitumia tangu alipomposa, kama basi angerudi, alijibu kwa upole ule ule, "Kama zinafanana, nitahama kwa nini?" Wiki hiyo mdogo wake alipowatembelea alimkuta marehemu akipaka rangi lango ambalo lilikuwa limepakwa rangi mwezi uliopita.

Tarehe 31 Machi 2017 alistaafu kwa heshima, akapewa saa ya ukutani na kipanya kilichotiwa rangi ya dhahabu, na mwezi Agosti 2018 mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka, kwanza kidole gumba, kisha kiganja kizima, na tarehe 11 Februari 2019 daktari wa mishipa ya fahamu akathibitisha kwamba ni ugonjwa wa kutetemeka usiopona, bali hutulizwa kwa dawa. Alisema kidogo sana juu ya ugonjwa huo, ila mwezi Juni 2021, siku moja mchana, mkewe alirudi kutoka kupeleka kazi kwa mteja, akafungua mlango polepole, akasikia kutoka chumbani tiki-tiki, kisha tiki-tiki, akaenda hadi mlangoni na kumkuta mumewe ameketi kwenye kiti chake, mkono wa kulia ameukalia ili utulie, kipanya amekihamishia kushoto, vitufe amevigeuza, na menyu ya Mashoto iko wazi mbele yake, ikimngoja. Marehemu alikizima kioo upesi, mkewe akaegemea mlango, akauliza, "Ulikuwa na nani humu ndani?", naye akajibu, "Peke yangu," na mkewe, aliyekuwa ameulizwa swali hilo kwa miaka ishirini na sita, akasema, "Haya, baba watoto, nimekuamini," kisha wakacheka hadi jirani wa upande wa pili akagonga ukuta kuuliza kama wako salama.

Jumapili ya tarehe 5 Machi 2023 Mashoto alikuja kumjulia hali, akiwa na fimbo na miwani mizito, na marehemu, ambaye bado alimtazama kwa jicho la wivu kila mkewe alipompitishia kikombe, alimwomba jambo moja kabla hajafa, amweleze alivyozifikia zile nukta nne, kwani yeye alizipima kwa rula juu ya kioo, akazisoma, akaziota, na mwishowe akaziiga. Mashoto alifikiri, akajikuna kidevu, akasema, "Ndugu yangu, ile ilikuwa kosa, nilijumlisha ukingo wa menyu mara mbili, na tulipogundua programu ilikuwa imeshauzwa, hakuna aliyelalamika, tukaiacha." Marehemu alicheka mpaka akakohoa, mgeni akadhani amemwua, na alipoondoka marehemu alinuna wiki nzima, akimwambia kila aliyemtembelea kwamba kushindwa na akili ya mtu kunavumilika, lakini kushindwa na kosa lake la hesabu ni jambo ambalo mtu hapaswi kuambiwa akiwa mgonjwa.

Tarehe 22 Oktoba 2023 alilazwa hospitalini kwa homa ya mapafu, hali yake ikawa ya kupanda na kushuka, na Jumatatu ya tarehe 30, akiwa na nafuu kidogo, mkewe aliketi kando ya kitanda na kumuuliza jambo ambalo wenye mioyo mepesi wangeliacha, kwamba historia yake itabidi iandikwe, naye asingependa kumwandika kwa kitu kitakachomuumiza, basi aiandike kwa programu ipi. Marehemu alisema, "Andika kwa hiyo uliyoizoea," na mkewe, anayejua uzito wa maneno hayo kuliko sisi sote, alimshika mkono ule unaotetemeka akaubana kati ya viganja vyake viwili, na hapo marehemu akaongeza, "Lakini mwambie asijivune mpaka mtakapokuwa mmemaliza kunifukia."

Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, saa kumi na dakika ishirini alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja na miezi saba, mkewe na watoto wote watatu wakiwa kando yake, na ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na mdogo mmoja wa kike.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, na kwa namna ya pekee yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemfundisha marehemu kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, inawashukuru majirani waliotuletea viti na maji na waliokaa na mjane wetu tulipokuwa tukihangaika na vibali, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa zamani, pamoja na binti wa majaribio, ambaye sasa ni mkuu wa idara na aliyemwandikia marehemu kila mwaka kumjulisha ni watu wangapi wanaibofya menyu yake bila kukata wasichokikusudia. Mwisho inamshukuru Mashoto, na inamjulisha mbele yenu wote kwamba karatasi hizi, kuanzia neno la kwanza hadi hili, zimechapwa na mjane kwa programu yake, kwa ruhusa ya marehemu, na kwa kuwa marehemu alituachia agizo, tunamwomba Mashoto, mzee wetu, akae kimya hivyo hivyo alivyo, ainamishe kichwa, na kama ana furaha yoyote moyoni aizuie mpaka udongo utakapokuwa umemfunika marehemu kabisa.

Kaka yetu, mume, baba na babu, tumeyasema yako kama yalivyokuwa, nenda salama, na amani ikupumzishe.